Tozo ya ufundi stadi: nani hulipa, na fedha zinakwenda wapi

Katika karakana moja ya vyuma huko Ngamiani, Tanga, nilimkuta fundi kijana ameshika karatasi yake ya mshahara, kakasirika. Alikuwa amemsikia bosi akizungumza na mhasibu habari za SDL, akaamini kakatwa. Tukaisoma karatasi mstari kwa mstari. Kodi ya mshahara, yaani PAYE, ilikuwemo; mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ulikuwemo. SDL haikuwemo, wala haipaswi kuwemo.

SDL ndiyo Tozo ya Kuendeleza Ufundi Stadi. Anayeilipa ni mwajiri, kwa hesabu ya jumla ya mishahara anayolipa, na inatoka mfukoni mwake. Mwajiri anayemkata mfanyakazi fedha hiyo anamwonea. Kwa Tanzania Bara inamhusu mwenye wafanyakazi 10 au zaidi. Zamani ilianzia wanne, sheria ikabadilishwa mwaka 2021. Kiwango nacho kimekuwa kikishuka. Kiliwahi kuwa asilimia 6, na tangu Julai 2023 ni asilimia 3.5.

Tuseme karakana ina mafundi 12 na mishahara yao kwa mwezi inafika Sh 6,000,000. Tozo yake ni Sh 210,000, nayo hupelekwa Mamlaka ya Mapato, TRA, kabla tarehe 7 ya mwezi unaofuata haijapita.

Kwa nini mwajiri atozwe? Kwa sababu fundi anayemwajiri leo alifunzwa kwa gharama ya mtu mwingine, na ufundi ni ghali kufundisha. Kitabu cha historia dada akimaliza humwachia mdogo wake. Kijiti cha kuchomelea kikishaungua, kimekwisha. Mtazame mwanafunzi siku ya kwanza: kijiti kinanata kwenye chuma, anakivuta, kinanata tena. Mshono unatoka na matundu kama mkate wa kumimina. Mwalimu anausaga wote kwa grenda na kumwambia aanze upya. Mkono hautulii mpaka vijiti vingi viteketee, na vyuma, na umeme. Anayenunua vitu hivyo ndiye anayezalisha fundi, hata kama hajawahi kusimama mbele ya darasa.

VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, inategemea sana tozo hii. Lakini haipati yote. Kwa miaka mingi mgawanyo umekuwa theluthi moja kwa VETA na theluthi mbili kwa Hazina, ambako sehemu kubwa imesaidia mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu. Katika zile Sh 210,000 za karakana yetu, basi, Sh 70,000 ndizo zinazoelekea kwenye ufundi stadi. Mikopo ya vyuo vikuu ni jambo jema na mimi siipingi. Ila tozo iliyopewa jina la ufundi stadi ingefaa fungu lake kubwa liende kwenye ufundi stadi, na mikopo itafutiwe chanzo chake.

Hapa watu wengi huchanganya: tozo hii siyo inayoendesha masomo ya ufundi katika sekondari za serikali. Shule kama Tanga Ufundi hutegemea bajeti ya serikali. Kuna mishahara ya walimu, kuna fedha za majengo, na kuna ruzuku ya uendeshaji inayohesabiwa kwa kichwa cha mwanafunzi. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilipofutwa Januari 2016, kiwango cha ruzuku hiyo kilikuwa Sh 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kwa somo la chaki na daftari unaweza kujibana. Kwa karakana, gawanya mwenyewe uone vijiti vingapi vinapatikana.

Suala hili limekuwa zito zaidi tangu mwaka 2024, mtaala mpya ulipoanza kuingiza mkondo wa amali sekondari, mwanafunzi akisoma fani pamoja na masomo ya kawaida. Mzazi mwenye mtoto kwenye mkondo huo, akiitwa kikao cha shule, asiishie kuuliza matokeo ya mtihani. Aulize ruzuku iliyoingia ni kiasi gani, na katika hiyo ni shilingi ngapi zimenunua vifaa vya karakana. Kisha aombe kuingia humo karakanani, aone mashine moja inagombewa na watoto wangapi.