Upimaji wa viluwiluwi vya mbu: maana yake na unavyofanyika

Upimaji wa viluwiluwi ni kazi ya kupita kwenye maji yaliyotuama katika eneo fulani, kuchota kwa utaratibu, kuhesabu viluwiluwi vilivyomo na kuandika ni maji gani, mbu wa aina gani na wamefikia hatua gani. Mbu hutaga majini. Yai huanguliwa kiluwiluwi, nacho hukua kwa hatua nne, huwa pupa, kisha mbu huruka. Kwenye joto la kwetu yote hayo huchukua kama wiki moja hadi mbili. Kwa hiyo anayehesabu viluwiluwi leo anajua mbu wa wiki ijayo watatoka dimbwi gani, jambo ambalo mtego wa kunasa mbu wakubwa ndani ya nyumba haumwambii.

Chombo chake ni upawa wenye mpini mrefu, unaobeba mililita 350. Ni mweupe kwa sababu kiluwiluwi ni chembamba na rangi yake imefifia. Kwenye chombo cheusi hukioni. Mpimaji huelekea jua ili kivuli chake kisianguke majini, maana viluwiluwi vikihisi kivuli au mtikisiko huzama mara moja. Huinamisha upawa taratibu pembezoni, penye majani, akaacha maji yaingie yenyewe, kisha hutulia, kwa kuwa vilivyozama lazima virudi juu kupumua. Hapo macho tu hutosha kutenganisha. Kiluwiluwi cha Anofelesi, mbu wa malaria, hakina mrija wa kupumulia, hivyo hulala sambamba na uso wa maji kama kijiti kinachoelea. Cha Kuleksi, jamii nyingine ya mbu, huning'inia, kichwa chini na mrija juu.

Mchoto mtupu nao uandikwe. Nasisitiza hili kwa sababu ni rahisi kulipuuza: kipimo ni wastani wa viluwiluwi kwa kila mchoto, na ukiacha sufuri dimbwi litaonekana baya kuliko lilivyo.

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili. Wakati huo kila alama ya kwato za ng'ombe na kila shimo la kufyatulia matofali hujaa maji, na Anofelesi arabiensis, anayestahimili maeneo makavu, hupenda hasa vidimbwi vidogo vinavyopigwa jua. Huwezi kuvimaliza vyote. Kiangazi mambo hugeuka: mito ya mchanga hukauka, yakabaki malambo, kingo za bwawa la Hombolo, visima vya kuchimba mchangani, na mashimo ya maji ya ujenzi ambayo yapo kila upande tangu mji uanze kupanuka. Shirika la Afya Duniani linashauri dawa ya viluwiluwi itumike pale mazalia yalipo machache, yasiyohamahama na yanayopatikana kwa urahisi. Kwa maoni yangu, ndiyo maana ramani ya mazalia ya Dodoma inapaswa kuanza kuchorwa kiangazi, wakati wengi wamesahau mbu.

Kwa Aedesi, mbu wa homa ya dengi, upawa hausaidii sana, kwani yeye hutaga kwenye mapipa, ndoo, matairi na makopo. Hapa hupitwa nyumba kwa nyumba, kwa hodi na ruhusa ya mwenyeji. Vipimo ni vitatu: asilimia ya nyumba zenye viluwiluwi, asilimia ya vyombo vya maji vyenye viluwiluwi, na idadi ya vyombo hivyo kwa kila nyumba 100. Nyumba yenye pipa moja lenye viluwiluwi na yenye mapipa sita huhesabiwa sawa kwenye kipimo cha kwanza. Cha tatu ndicho huonyesha tofauti.

Upimaji hurudiwa baada ya kunyunyiza dawa. Dawa za kibaiolojia, kama zinazotengenezwa Kibaha, zina bakteria ambao huua pale kiluwiluwi kinapowala. Pupa hali chochote, kwa hiyo dawa haimgusi. Ndiyo maana mpimaji anayerudi lamboni siku mbili baadaye hutazama zaidi umri kuliko wingi. Akikuta viluwiluwi vichanga tu, huenda ni mayai yaliyoanguliwa baada ya dawa kuisha nguvu. Akikuta vya hatua ya tatu na ya nne, kuna kona ambayo dawa haikufika, na huanza kuitafuta kwenye matete.