Leseni ya kuvuta magari: ni nini, na inadhibiti nini

Leseni ya kuvuta magari ni ruhusa ya mamlaka ya eneo, iwe jiji, wilaya au jimbo, inayomwezesha mtu au kampuni kunyanyua gari la mtu mwingine, kulihamisha na kulihifadhi kwa malipo. Si leseni ya biashara ya kawaida. Leseni ya biashara inakutambua wewe kama mfanyabiashara na mlipa kodi. Leseni ya kuvuta inaeleza ni wakati gani unaruhusiwa kuligusa gari la mtu, kwa chombo gani, kwa bei gani, na lini ni lazima ulirudishe.

Udhibiti mzima unategemea nani ameagiza gari livutwe. Gari likiharibika njiani na mwenyewe akapiga simu, huo ni uvutaji wa ridhaa: anauliza bei, na asiporidhika anatafuta mwingine. Lakini polisi wakiagiza gari liondolewe baada ya ajali, au mwenye kiwanja akiagiza gari lililoegeshwa kwake bila ruhusa liondolewe, anayelipa siye aliyeagiza. Hakupatana bei na yeyote, na gari lake tayari limeshikiliwa. Hapo ushindani hauwezi kumlinda, ndiyo maana kanuni kali zaidi zimewekwa kwa uvutaji wa aina hii.

Marekani tofauti hiyo imeandikwa ndani ya sheria ya shirikisho. Sheria ya 1994 ilizizuia serikali za majimbo na miji kupanga bei, njia na huduma za wasafirishaji wa barabarani, wavuta magari wakiwemo, ila masuala ya usalama yakaachwa mikononi mwa majimbo. Mwaka 1995 likaongezwa jambo jingine: bei za uvutaji usio wa ridhaa zinaweza kudhibitiwa. Mwaka 2002, katika kesi iliyohusu jiji la Columbus, Mahakama ya Juu ikaamua kwamba jimbo linaweza kukasimu mamlaka hayo ya usalama kwa miji yake. Uingereza ilichukua njia nyingine: England na Wales, tangu tarehe 1 Oktoba 2012, kufunga pingu gurudumu la gari au kulivuta kwenye ardhi binafsi bila mamlaka ya kisheria ni kosa la jinai.

Mwombaji wa leseni kwa kawaida hukaguliwa pande tatu: dereva (daraja la leseni yake ya udereva na rekodi ya makosa), gari la kuvutia, na bima. Kwenye bima ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu inayotakiwa si moja. Bima ya dhima kwa watu wengine hulipa uharibifu ambao gari la kuvuta limewasababishia watumiaji wengine wa barabara. Hailipi gari lililoning'inia nyuma yake. Hilo linahitaji bima yake. Likishashushwa yadini, linahitaji bima ya tatu, ya moto, wizi na uharibifu wa magari yanayohifadhiwa. Anayekagua maombi asome kila cheti na tarehe yake ya mwisho, asiridhike na neno "ina bima".

Kwenye gari la kuvutia lenyewe, kosa la hatari ni kuangalia uwezo wa mkono wa kunyanyulia tu. Mzigo ukiwekwa nyuma ya ekseli ya nyuma, unainua pua ya gari. Hesabu yake ni rahisi: zidisha uzito ulionyanyuliwa kwa umbali wake kutoka ekseli ya nyuma, kisha gawanya kwa umbali kati ya ekseli mbili. Ukinyanyua kilo 1,200, mita 1.8 nyuma ya ekseli, kwenye gari lenye mita 3.6 kati ya ekseli, ekseli ya mbele inapoteza kilo 600 na ya nyuma inabeba kilo 1,800 za ziada. Kama mbele palikuwa na kilo 1,100, zimebaki 500. Kanuni ya kazi ni kwamba isibaki chini ya nusu, kwa sababu chini ya hapo usukani unakuwa mwepesi na breki za mbele hazishiki vizuri. Kwa hiyo kibali kizuri hutaja uzito wa juu kwa kila gari la kuvuta, si kwa kampuni nzima.

Gari linalosukumwa na magurudumu yote manne lisivutwe huku mawili yakizunguka chini, maana giaboksi ya kugawa nguvu inaweza kuungua. Libebwe juu ya lori la bodi bapa, au magurudumu yaliyobaki yawekewe vigari vidogo.

Kwa maegesho binafsi, kanuni huanzia kwenye bango. California, kwa mfano, bango la kuzuia maegesho ya umma liwe na angalau inchi 17 kwa 22, yaani takriban sentimita 43 kwa 56, herufi zisipungue inchi moja, na liwe na simu ya polisi wa eneo hilo pamoja na jina na simu ya kampuni ya kuvuta. Mwenye gari akitokea likiwa limeshafungwa kwenye gari la kuvuta lakini halijatoka kwenye eneo hilo, hatozwi zaidi ya nusu ya ada ya kawaida. Kifungu hiki kinastahili kuigwa, kwa sababu kinaondoa faida ya kukimbilia kufunga mnyororo.

Kabla ya kunyanyua, mvutaji apige picha pande zote nne, usukani na kilomita zilizosomeka, halafu aarifu polisi mara moja ili mwenye gari asije akaripoti wizi. Yadini, migogoro mingi ni ya ada za hifadhi: je, siku inahesabiwa kwa saa 24 au kwa tarehe ya kalenda? Gari lililoingia saa tano usiku na kutoka saa moja asubuhi linaweza kutozwa siku mbili pale kanuni isipofafanua. Stakabadhi itenganishe kuvuta, umbali, hifadhi na kazi ya winchi, kila kimoja na mstari wake. Na kabla gari lisilochukuliwa halijapigwa mnada, mmiliki aliyesajiliwa, pamoja na benki inayolidai gari hilo, wapewe taarifa ya maandishi na muda wa kulikomboa.