Kipima mvua cha Mlima Elgon lazima kijue kulala

Watu wa Budalang'i wanajua vizuri, mto Nzoia unaweza kuwaletea mafuriko na hapo kwao hata tone halijanyesha, mvua yenyewe imenyesha juu huko vilima vya Cherang'any na Mlima Elgon. Ndio maana tunataka vipima mvua huko juu kabisa, na kila tukienda kwa baraza tunaulizwa, si muweke tu simu na sola ikae ikituma? Haiwezi.

Ukipita mita 3,500 hivi usiku baridi inafika barafu, mchana ukungu unafunika sola, na betri ya lithiamu ya kuchaji, kama ile ya simu yako, ukiichaji ikiwa chini ya nyuzi 0 inaharibika ndani na hairudi. Modemu ya simu nayo inaweza kuvuta hadi ampea 2 kwa mpigo mmoja, na netiweki yenyewe huko ni bahati. Kwa hivyo tunachukua redio za LoRa, zinatuma maneno machache tena polepole lakini zinafika kilomita kadhaa bora kusiwe na kilima katikati, kikiwepo unaweka redio nyingine juu yake ipokee na ipitishe.

Kazi kubwa ni usingizi. Chukua betri moja ya lithiamu isiyochajiwa, saizi ya zile kubwa za redio ya mzee, ampea-saa 19, yaani kwa hesabu inatoa ampea 1 kwa saa 19. Kifaa kikikesha kikila miliampea 20 imeisha kwa siku kama 40, lakini kikilala na kuamka sekunde moja kila dakika 15 kutuma, hapo tunaongea miaka. Na mvua haipotei, kikombe cha ndani kinachopokea mvua kinapinduka kila milimita 0.2 na huko kupinduka ndiko kunakiamsha kihesabu, kisha kinalala tena.

Halafu unyevu, huu unaua vifaa vingi kuliko baridi. Boksi ukilifunga kabisa, usiku hewa ya ndani inajikunja na kuvuta maji pale kebo inaingilia, so weka kipumulio chenye utando unaopitisha hewa bila maji na upake bodi ya umeme ya ndani vanishi. Nguzo iwe fupi na nzito (ndovu wa Elgon, wale wa kuingia mapangoni kutafuta chumvi, hawaheshimu nguzo ya mtu).

Kabla ya kupandisha, kiweke kwa friza usiku, kitoe kwa jua la Kisumu, rudia wiki nzima. Kikifa kifie hapo, maana kutoka Endebess hadi kileleni si matembezi ya jioni.