"Shetani alinipitia" si utetezi mahakamani

Wengi huamini kwamba mshtakiwa akisema "shetani alinipitia", hakimu atamwachia. Sivyo. Kifungu cha 12 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania humchukulia kila mtu kuwa na akili timamu, na kifungu cha 13 humwondolea hatia yule tu ambaye, kwa sababu ya ugonjwa wa akili, hakuelewa alichokifanya, hakujua kuwa hakupaswa kukifanya, au hakuweza kujizuia. Ugonjwa huo huchunguzwa na madaktari, kama wale wa taasisi ya afya ya akili ya Isanga, Dodoma. Inaumiza kuona ndugu na wazee wa mtaa wakimsingizia shetani ili kesi ya mtoto aliyebakwa imalizwe nyumbani kwa fidia, ilhali aliyetenda kosa anajulikana na Dawati la Jinsia na Watoto lipo kituo cha polisi.