"Kwetu hakuna mwenye seliaki"

Kingamwili za tTG, zinazopimwa kwenye damu kutafuta seliaki, zimepanda mara 10 juu ya kiwango, kinyama kilichokatwa utumboni kinaonyesha vinyweleo vya kunyonya chakula vimelala chapa, na bado naambiwa: "Daktari, haiwezekani, kwetu hakuna mwenye ugonjwa huo." Jamani!

Seliaki ni ugonjwa ambao gluteni, protini iliyo kwenye ngano, huufanya mwili uushambulie utumbo wake. Seliaki ya ukoo na seliaki ya mtu peke yake, asiye na ndugu mgonjwa, si magonjwa mawili. Huyo wa peke yake naye kwa kawaida amebeba jeni ya DQ2 au DQ8, na jeni hizo hakuziokota njiani. Kapewa na wazazi. Ila kuwa nazo si kuugua. Katika jamii nyingi, watu 30 hadi 40 kwa kila 100 wanazo, wagonjwa ni kama 1 tu. Baba aliyekurithisha anaweza kula ngano hadi uzeeni, asipate hata kiungulia.

Kinachoniudhi zaidi ni hili la kwamba "ya kurithi ni nyepesi". Nyepesi kwa sababu gani? Dada mtu ameugua, mdogo wake kaitwa kupimwa, kagunduliwa mapema. Yule asiye na ndugu mgonjwa amezungushwa miaka, anapewa vidonge vya madini ya chuma, damu haipandi, mpaka mtu akumbuke kuutazama utumbo. Hapo unalinganisha aliyetafutwa na aliyejileta mwenyewe akiwa hoi. Tena huyo "asiye na dalili" mdodose vizuri: uchovu, vidonda vya mdomoni visivyoisha. Alishayazoea.

Na "peke yake" mara nyingi maana yake ni kwamba wengine hawajapimwa. Kati ya wazazi, watoto na ndugu wa mgonjwa, karibu 1 kwa 10 hukutwa nayo.

Kinachonisumbua mimi ni mapacha wa kufanana. Jeni zilezile, chakula kilekile, na bado mara nyingine mmoja huugua mwenzake akabaki salama. Wapo wanaotaja virusi, wengine bakteria wa utumbo. Sijaona maelezo yaliyoniridhisha.

Tiba ni moja kwa wote: gluteni basi, maisha yote. Lakini usiiache kabla ya kupimwa! Kingamwili hushuka, utumbo hupona, nasi tunabaki kubahatisha. Aliyekwisha kuacha nitampima jeni: akikosa DQ2 na DQ8, tunaiweka seliaki kando; akiwa nayo mojawapo, hatujasogea hata hatua.