Kupaa na Tiara Kubwa: Tunayoambiana Ufukweni Kigoma na Ukweli Wake

Huku mwisho wa reli tiara ni mchezo wa watoto: vijiti viwili, karatasi ya daftari, uzi wa cherehani. Sasa likitokea tiara la kitambaa lenye mita za mraba 4 na nyuzi nne za mita 20 na ushee, linalovuta mtu mzima, kila aliyesimama ufukweni Kibirizi anageuka mwalimu. Mengi wanayofundisha niliwahi kuyaamini mwenyewe.

“Ngoja upepo uwe mkali, ndipo utapaa.”

Hii ndiyo ninayoiogopa kuliko zote. Mvuto hauongezeki sawasawa na kasi ya upepo. Upepo wa kilomita 20 kwa saa ukifika 30, mvuto kwenye nyuzi unazidi maradufu. Ukifika 40, ni mara nne. Tiara lililokuwa likikuvuta kwa adabu linakunyakua. (Ziwa letu liko kama mita 773 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 7. Wapo wanaolitumia hilo kujihalalishia tiara kubwa zaidi. Asilimia 7 haifui dafu mbele ya mkupuo mmoja wa upepo.)

Anayejifunza anahitaji upepo usiopandapanda na kushuka, na hapo ndipo Kigoma inapodanganya. Kiangazi upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa bidii, lakini sisi tuko ukingo wa mashariki wa ziwa, kwa hiyo unatufikia ukiwa umeshapanda na kuteremka vilima. Nyuma ya kilima, jengo au safu ya miembe, hewa huzunguka kama maji nyuma ya jiwe mtoni, na fujo hiyo huweza kufika umbali wa mara 7 hata 10 ya kimo cha kizuizi. Mara tiara linalegea, mara linakung'oa. Upepo wa alasiri unaotoka ziwani, nchi kavu ikishapata joto, umepita juu ya maji matupu. Hata ukiwa dhaifu, huo ndio wa kujifunzia, mradi upande unakosukumiwa hakuna nyumba wala mitumbwi iliyopandishwa.

“Kuruka kunataka misuli.”

Kunataka kuvizia. Tiara likiwa mbele yako, karibu na ardhi, linakuvuta kwa mlalo. Utakimbia au utaburuzwa, hutapaa. Kinachonyanyua kiko utosini. Chukulia anga iliyo mbele yako ni uso wa saa: unalipeleka tiara kwenye namba 10, kisha unalipandisha kwa kasi kuelekea 12. Nyuzi zikikaza unapiga hatua mbili tatu kinyume cha mvuto, na linapopita utosini unavuta vishikio vyote viwili na kujirusha kidogo. Ukiwahi, unatupwa mbele. Ukichelewa, limeshapita nawe unabaki umeruka kama chura. Kijana mwembamba wa Katonga anayeijua nukta hiyo atamwacha chini mbeba mizigo wa bandarini.

“Kazi ni kupaa, kushuka kunakuja kwenyewe.”

Kunakuja, ndiyo: ukianguka kutoka mita 3 bila kitu cha kukushikilia, unafika chini kwa karibu kilomita 28 kwa saa. Tiara likiachwa likimbilie pembeni baada ya kukunyanyua, linaishiwa nguvu ukiwa bado juu, na hapo visigino, vifundo vya miguu na uti wa mgongo ndivyo hulipa. Kwa hiyo miguu ikishaachana na ardhi, ligeuze lirudi utosini na ulishikilie pale. Huko ndiko kukaa hewani kunakotoka. Ukikaribia chini, lielekeze kidogo kule unakokwenda, utue ukikimbia. Anza na vijirukio vya sentimita 30, kofia ngumu kichwani, mpaka vikuchoshe.

“Rukia majini, hutaumia.”

Upepo wa kutoka nchi kavu unakupeleka upande wa Kongo, kwenye ziwa ambalo kilindi chake kinafika mita 1,470. Na tiara la vyumba vilivyo wazi (mifuko ya kitambaa iliyo wazi mbele, inayojazwa na upepo) likiangukia majini hunywa maji, haliinuki tena. Yale ya majini ni mengine, na mengi yana mirija iliyojazwa hewa.

“Ukizidiwa, kaza mkono.”

Achia. Tiara la vishikio huwa na mikanda ya mikononi iliyofungwa kwenye nyuzi za breki, zile mbili za nyuma zinazolinyima tiara nguvu: ukiachia vishikio, linakunjika na kuanguka. Ukiwa umelifunga kiunoni, kuna kifyatulio, kifaa cha kulifungua mara moja. Usizungushe uzi mkononi hata mara moja, ni mwembamba na unakata nyama. Wala usirushe karibu na nyaya za umeme, maana uzi uliolowa au wenye uchafu unaweza kupitisha umeme. Jizoeze kufyatua kabla ya kujizoeza kuruka, tena ukiwa umefumba macho, kwa kuwa siku yenyewe hutapata nafasi ya kutazama kifyatulio kiko wapi.