Neva ya fibula si mshipa wa kukandwa

Wiki hii huyu ni mgonjwa wa tatu kuniambia: "Dokta, mshipa umepanda, nimekandwa siku tatu haujashuka." Huku Pemba neno mshipa limebeba mengi: mshipa wa damu, kano, msuli uliokaza, hata ngiri. Kwenye mazungumzo halina madhara. Madhara yanaanza dole gumba lenye mafuta ya makonyo linapousaka huo mshipa ili liurudishe mahali pake.

Neva haihami ikangoja kurudishwa. Kazi yake ni kupeleka amri kwenye misuli na kurudisha hisia, na haivumilii kubanwa.

Neva kuu ya mguu inashuka nyuma ya paja na kwa kawaida inagawika matawi mawili juu kidogo ya goti, yaliyopewa majina ya mifupa miwili ya mguu: tibia, ule mnene wa muundi, na fibula, ule mwembamba wa upande wa nje. Tawi la tibia linapita ndani ya shavu la mguu, chini ya misuli minene, likazunguka nyuma ya kifundo upande wa ndani hadi unyayoni. Ndilo linalokusimamisha kwa ncha za vidole. Hilo limehifadhika.

La fibula halina hifadhi hiyo. Papasa upande wa nje wa mguu, chini kidogo ya goti, utakuta kinundu cha mfupa. Chini yake tu neva inauzunguka mfupa, na juu yake karibu ni ngozi tupu. Kwa wengine inahisika kama uzi mnene. Ukishaihisi, iache! Hapo ndipo inapobanwa na plasta ngumu ya mfupa uliovunjika ikikaza, kukunja nne muda mrefu, au kuchutama. Na hapo hapo ndipo wakandaji wanapokandamiza, kwa kuwa wamegusa kitu kigumu kidogo wakadhani ndicho kibaya.

Mama mmoja alichutama bondeni akipalilia mpunga tangu asubuhi hadi adhuhuri. Aliposimama, wayo wa kushoto ukaning'inia. Nilimsikia kabla sijamwona: kandambili ikipiga sakafu, pwa, pwa, ncha yake imelika upande mmoja. "Bibi, inua kidole gumba." Hakikuinuka. Ngozi kati ya kidole gumba na cha pili ilikuwa na ganzi. Jirani alishasema kiharusi, lakini uso, usemi na mkono vilikuwa vizima.

Kipimo ninachokithamini zaidi ni kumwambia mtu ageuze wayo utazame ndani. Msuli wa kazi hiyo unaamriwa na tawi la tibia, ila uzi wake unatoka uti wa mgongo pamoja na ule wa kuinua wayo. Ukiwa na nguvu, naelekeza macho kwenye goti. Ukiwa dhaifu, natazama kiuno, uzi huo unakotokea. Yule mama aliugeuza kwa nguvu. Si kila siku napata jibu safi namna hiyo. Mwenye maumivu hasukumi kwa nguvu zake zote, na mipaka ya ganzi hailingani na michoro ya vitabuni. Tena ukoma nao huinenepesha neva hii, kwa hiyo napapasa miguu yote miwili na kutafuta mabaka yasiyo na hisia.

Neva iliyobanwa tu inaweza kuamka ndani ya wiki kadhaa. Nyuzi zikikatika ndani, huota upya kama milimita 1 kwa siku, ndiyo maana nahesabu miezi. Nilimfunga kishikizo cha wayo, nikawakataza wakandaji. Wiki ya sita kidole gumba kilitikisika. Wayo wenyewe bado, na aliponiuliza utarudi lini, sikuweza kumpa tarehe.